Guashi ya kuchorea mandhari nje: ipi ununue kwanza

Ukijiunga na kikundi kinachotoka kwenda kuchora mandhari, swali la kwanza huwa ni rangi. Guashi, yaani rangi nzito ya kuchanganya na maji inayofunika kilicho chini yake, ziko za aina nne hivi, na kwenye picha za matangazo zote zinapendeza. Tofauti huonekana ukiwa juani, paleti (kibao cha kuchanganyia rangi) inakauka, na wenzako wameshaanza kufungasha. Nimezipanga kwa kigezo hicho tu. Kwa mchoraji wa mezani mpangilio ungekuwa mwingine.

1. Guashi ya kawaida ya tyubu

Hii ni unga wa rangi uliochanganywa na gundi ya mgunga. Ikikauka unailowesha kwa maji inarudi, kwa hiyo masalia ya leo utayatumia safari ijayo. Tena inafunika: unaanza na giza la miti, kisha unadondoshea juu yake vipande vya anga vinavyoonekana kati ya majani. Winsor & Newton na Holbein zote ni za kuaminika, tyubu zao za kawaida zikiwa na ml 14 au 15. M. Graham hutia asali, rangi ikabaki laini hata kwenye jua kali. Ila penye unyevunyevu haikauki upesi, na paleti ukiisimamisha ndani ya begi itachuruzika.

Usinunue seti kubwa. Rangi sita zinatosha: nyeupe, manjano ya limau, manjano ya udongo, nyekundu, bluu ya ultramarini na kahawia iitwayo siena iliyochomwa. Kijani changanya mwenyewe. Kijani cha tyubu kikitumika peke yake hufanya kila mti ufanane na plastiki. Nyeupe chukua tyubu kubwa, maana mawingu, ukungu na vilima vya mbali vyote vinaila. Soma msimbo wa unga wa rangi kwenye lebo: PW6 ni titani, inayofunika vizuri, PW4 ni zinki, nyepesi zaidi.

Angalia pia alama ya uimara dhidi ya mwanga. Guashi nyingi zilitengenezewa wabunifu ambao kazi zao zilipigwa picha ili zichapishwe, kwa hiyo kupauka hakukuwasumbua. Waridi na zambarau zinazong'aa sana ndizo za kushuku kwanza.

2. Vikombe vya jeli

Hii ni guashi laini kama jeli, iliyojazwa kwenye vikombe vidogo ndani ya kasha; za chapa ya Himi ndizo zinazojulikana zaidi. Unapata rangi nyingi kwa pesa kidogo, na anayejifunza hatabana matumizi, jambo ambalo ni zuri. Tatizo ni kubeba. Kasha lisipolala sawasawa, bluu inahamia kwa jirani yake, na nyeupe ndiyo huchafuka kabla ya zote. Zikifungiwa zikiwa na maji mengi huota ukungu. Kama kikundi chenu kinatembea kwa miguu, ziache nyumbani.

3. Guashi ya akriliki

Gundi yake ni ya plastiki; ikikauka haiyeyuki tena, hivyo tabaka la chini halichafui la juu. Wapo wanaoisifu sana. Lakini nje inakaukia kwenye paleti kabla hujaamua rangi ya kivuli, na brashi uliyoisahau dakika chache ndiyo imekwisha. Itakubidi kubeba paleti yenye sifongo mbichi chini.

4. Vidonge vikavu

Hivi ni guashi iliyokaushwa, unayoilowesha kwa brashi. Vyepesi, havimwagiki. Ila kupata uji mzito unaofunika ni kusugua mpaka mkono uchoke, na mwisho unaishia na rangi ya maji tu.

Kabla ya kununua, omba tone kwa mwenzako ulijaribu. Piga mstari wa bluu nzito, uache ukauke kabisa, kisha pitisha manjano juu yake mara moja, bila kurudia. Ukiona kijani, ama umezidisha maji ama rangi yenyewe ni dhaifu. Subiri na hiyo manjano ikauke: rangi nyepesi za guashi huongezeka giza kidogo zikikauka, na za giza hupauka. Ndiyo maana wenye uzoefu hujaribia pembeni mwa karatasi kwanza.

Pesa iliyobaki itie kwenye karatasi ya gramu 300 kwa mita ya mraba, isiyojikunja ovyo, na brashi bapa moja ya nyuzi za sintetiki. Tyubu mnaweza hata kugawana, kila mmoja akanunua rangi mbili na kuwakamulia wengine. Isipokuwa nyeupe. Hiyo kila mtu aje na yake.