Bendi ya kupima mawimbi ya ubongo: nyota tatu kati ya tano

Nimeinunua mtumba, laki mbili na nusu, ikiwa na kebo yake na kikaratasi kinachoahidi "kuipima roho yako". Nafundisha baiolojia sekondari hapa Tanga, na uradi baada ya alfajiri siukosi, kwa hiyo maneno hayo yalinichokoza pande zote mbili.

Uvaaji kwanza. Vipande vya chuma vinakaa kwenye paji la uso na nyuma ya masikio, na vinataka ngozi. Wenye ushungi, vaeni bendi kwanza, ushungi juu yake. Paji likiwa kavu haisomi. Ukilipangusa kwa maji kidogo inasoma papo hapo. Jasho likianza kutiririka, mistari inaruka ovyo.

Ukifumba macho na kutulia, mawimbi ya alfa, yale ya mara 8 hadi 13 kwa sekunde, yanaongezeka, na programu yake kwenye simu inakuletea sauti za ndege. Hilo linapimika kweli. Nilipoleta uradi kwa sauti, ikaniandikia kwamba akili imetangatanga. Kumbe ni taya: umeme wa misuli yake unaumeza ule hafifu wa ubongo. Nikaleta kimoyomoyo, ndege wakalia. Nikakaa tu, macho nimefumba, nikiwaza ada ya mwanangu, ndege wakalia vilevile!

Hapo ndipo ninapogombana na kile kikaratasi. Bendi hii ni kama Luku: inajua umeme umetumika, haijui mlipika nini.

Ajabu ni kwamba Hans Berger, Mjerumani aliyerekodi mawimbi haya kwa binadamu mara ya kwanza mwaka 1924, alianzia kwenye mambo ya roho. Ujanani alianguka kutoka juu ya farasi akanusurika kifo, na siku hiyohiyo dada yake, aliyekuwa mbali, akahisi kaka yupo hatarini. Berger akatafuta njia ambayo wazo linasafiria. Akapata mistari kwenye karatasi. Na mwaka 1998 mwanasayansi Christof Koch aliwekeana dau na mwanafalsafa David Chalmers kwamba ndani ya miaka 25 ubongo utakuwa umetoa siri ya ufahamu. Mwaka 2023 Koch akalipa, kwa mvinyo. (Mimi ningedai tende.)

Shemeji yangu, mtu wa twarika, aliiona akacheka. "Mwalimu, mstari umeuona. Umeonja nini?"

"Na wewe shemeji niambie, mbona nusu kaputi inamzima shehe na mlevi sawasawa?"

Akaomba chai.

Nyota tatu ni za kipimo chenyewe, na darasani kinafaa sana: wanafunzi wakiona mstari unavyobadilika mtu akifumba macho, somo la neva halihitaji kelele. Mbili nimezinyima kwa ajili ya neno "roho". Anayetaka utulivu wa ibada atafute tasbihi, bei yake haifiki hata elfu kumi. Usajili wa kila mwezi msilipie. Sehemu ya bure inaonyesha mistari yote ya maana.