Mnemba pazuri, ila ngazi ya boti yao ni balaa

Samaki niliwaona, siwezi kusema uongo. Maji ya Mnemba, kile kisiwa kidogo kando ya Unguja, yanavyosifiwa ndivyo yalivyo, unaona mpaka mchanga wa chini, na kwenye matumbawe samaki wamejaa tele. Ningewapa sifa zote. Lakini aliyeingia majini lazima atoke, na hapo ndipo wenye boti iliyotupeleka kuogelea waliponitia hasira ambayo mpaka leo haijanitoka.

Tuliondoka Matemwe asubuhi, mwishoni mwa kaskazi, mimi na binti yangu pamoja na wageni wengine. Boti ya faiba, turubai juu, mashine nyuma. Kabla ya kupanda nilimwuliza nahodha, "Kaka, ngazi ipo?" Akanijibu, "Ipo mama, ondoa shaka." Nina miaka 52, kuogelea nimejifunza ukubwani, na bega la kulia linanisumbua. Sikuuliza kwa kujifurahisha.

Wasiowahi kufika wajue jambo moja. Kisiwa chenyewe kimekodishwa kwa hoteli, sisi wengine haturuhusiwi kushuka. Si kama Mbudya huku Dar, ambako unashuka ufukweni, na ukitaka kurudi unapanda boti huku umesimama mchangani, maji kiunoni. Mnemba unaruka kwenye kina na unapandia kwenye kina. Bila ngazi ya maana huna pa kushika.

Baada ya kama nusu saa maji yakaanza kuvuta, nikarudi botini. Ngazi ndiyo ile: ya aluminiamu, imening'inizwa ubavuni, vipandio vitatu, na cha chini kabisa kinagusa maji juu juu tu. Hakuna hata kimoja kilichozama! Mtu anayeelea atainuaje mguu mpaka usawa wa kifua? Nikashika kwa mikono, miguu yote miwili ikaingia chini ya boti, tumbo likabanwa na ubavu. Wimbi likija boti inapanda, mimi nabaki. Ikishuka, ngazi inanigonga muundi. Kulabu moja mpira wake ulishatoka, wameifunga kwa kipande cha wavu wa kuvulia, basi ngazi nzima inacheza.

Nilijaribu mara nne. Mara ya tatu nikanywa maji. Na mashine inaunguruma muda wote! Nikapiga kelele, "Zima mashine!" Nahodha akasema iko fri, propela haizunguki. Sawa, lakini mtu akiigusa gia kwa bahati mbaya, miguu yangu iko wapi?

Kisha akasema lile neno. Amesimama juu, mikono kiunoni, mbele ya mwanangu: "Mama, si ulisema unajua kuogelea?" Mwenzake akacheka.

Kuogelea najua. Kilichonishinda ni ukuta wa faiba usio na pa kukanyaga. Kijana anajivuta kwa mikono, sikatai. Mtu mzima mwenye nguo zilizolowa na bega bovu hajivuti. Wakaanza kunishika makwapani na kunivuta nguo, nikawakatalia, maana bega lingetoka na stara yangu ingekwenda.

Aliyenisaidia ni mtoto wa watu, kijana mdogo anayetupa nanga. Alichukua kamba, akafunga ncha moja kwenye chuma cha tezi, yaani nyuma ya boti, nyingine akaipiga kitanzi cha kutosha mguu, akakizamisha. Kisha akamwambia nahodha, bila kuogopa, "Zima kwanza." Akaruka majini mwenyewe, akakishika kile kitanzi kisikimbilie chini ya boti. "Mama, nipe mapezi. Kanyaga hapa. Subiri wimbi likuinue, kisha simama." Nikasimama mara moja tu, nikawa ndani. Nilikaa kwenye ubao mikono ikitetemeka, binti yangu analia.

Nilipofika nchi kavu ningekwambia usiende kabisa. Siku zilipopita nikapoa, nikasema bahari ni nzuri, niwape nyota tatu. Lakini sasa ninapoandika haya hasira imerudi upya, kwa sababu ile kamba ilikuwa botini tangu asubuhi! Nahodha aliyejisifu njia nzima kwamba ni mzoefu hakuikumbuka, akaikumbuka mtoto. Nawapa nyota moja, na hiyo ni ya kijana. Nilimpa chake mkononi, wengine wasione.

Pesa iliyobaki nililipa yote. Nikamwambia nahodha, "Kaka, ongeza vipandio viwili, vizame." Akanijibu, "Wazungu hawalalamiki, mama."

Kwenye boti yetu alikuwepo Mjerumani mmoja, mzee. Asubuhi aliitazama ile ngazi, akaitikisa kwa mkono, akaketi. Siku nzima hakugusa maji.