Nilinunua maikrofoni ya kupimia spika, nikaishia kuhamisha kochi

Nianze na kilichokuwa kinanikera. Nikiweka wimbo wenye gitaa la besi, noti ya ule uzi mnene kabisa, E ya chini, nilikuwa siisikii. Lakini E ya oktava inayofuata ilivuma mpaka kioo cha dirisha kikatetemeka. Nikailaumu sabufa, ile spika ya besi, nikalaumu waya, nikakaribia kuuza kila kitu.

Amplifaya yangu inajisawazisha yenyewe kulingana na chumba. Unachomeka kimaikrofoni kilichokuja nayo kwenye boksi, inapiga milio, baada ya dakika chache inakuambia tayari. Iliniandikia kwamba sabufa iko mita 5.4 kutoka kitini. Nilipopima kwa tepu nikapata 3.1. Nikaicheka, nikasahihisha kwa mkono. Kumbe wa kuchekwa ni mimi: sabufa huichelewesha sauti ndani ya saketi zake kabla ya kuitoa, na mashine huuhesabu ucheleweshaji huo kama umbali, sentimita 34 hivi kwa kila milisekunde. Zile mita 2.3 "za uongo" zilikuwa karibu milisekunde 7 za kweli, na nilipozifuta, sabufa na spika zikaanza kukanyagana pale zinapopokezana. Nilirudisha namba ya mashine, nafuu ikaonekana, ila E yangu ikabaki imepotea. Na mashine haikuwa na namna ya kunieleza kwa nini.

Hapo ndipo nikanunua UMIK-1, maikrofoni ya kupimia ya USB, na kupakua Room EQ Wizard, programu ya bure ya John Mulcahy ambayo wengi huiita REW. Kila maikrofoni ina faili lake la marekebisho kwa namba yake, la kufuta makosa yake yenyewe, na kuna aina mbili: la kuielekeza kwenye spika na la kuisimamisha ikitazama dari. Mimi niliisimamisha ikitazama dari huku nimepakia lile la kwanza. Grafu ikaonyesha sauti za juu zimezama, nikazipandisha, na jioni nzima kila herufi "s" ikanichoma masikio. Angalia faili kabla ya kugusa chochote.

Kupima kwenyewe si kazi. Zima feni, weka maikrofoni kwenye stendi pale kichwa kinapokaa, toka njiani. Mlio unaanzia hezi 20, yaani mitetemo 20 kwa sekunde, kama lori linaloguruma mbali, unapanda hadi elfu 20 kama mbu, unaisha. Nilipima sehemu tisa kuzunguka kichwa nikachukua wastani, kwa sababu kipimo cha sehemu moja hukupa siri za sentimita kumi tu za hewa.

Kisha nikaitazama ile grafu. Shimo kwenye hezi 41. Mlima kwenye 82. E ya chini ya gitaa la besi ni hezi 41, na E inayofuata ni 82! Chumba changu kina urefu wa mita 4.2. Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde. Gawanya 343 kwa mara mbili ya urefu wa chumba, yaani 8.4, unapata 41. Wimbi hilo hugota kuta mbili na kurudi, likaacha nguvu kwenye kuta na ukimya katikati kabisa. Wimbi la 82 lenyewe hujaa katikati. Na kochi langu lilikuwa wapi? Katikati kabisa, kwa ajili ya uzuri wa chumba.

Nikalisogeza hadi mita 1.6 kutoka ukuta wa nyuma, kama asilimia 38 ya urefu, kanuni ambayo mafundi wa studio huanzia. E ikarudi. Sijaweka hata kichujio kimoja, yaani amri ya kushusha au kupandisha sauti kwenye hezi fulani. Nilikaa pale nikirudia wimbo uleule mara nne kama mtoto.

Vichujio vikaja baadaye, na hapa ndipo watu wengi wanapotegemea miujiza. Mlima uliobaki kwenye 82 niliushusha kwa desibeli 5, kichujio chembamba, na mrindimo ukakatika mara moja. Lakini kulikuwa na shimo jingine karibu na hezi 143, kwa kuwa spika zilikuwa sentimita 60 mbele ya ukuta: sauti inayorudi kutoka ukutani inafika ikiwa kinyume na ile ya moja kwa moja, zinauana. Nikajaribu kulijaza kwa desibeli 9. Hiyo ni kuidai amplifaya nguvu mara nane, na shimo halikujaa, maana ukiongeza sauti inayotoka unaongeza na ile inayorudi kuiua. Spika zikaanza kukoroma. Nikafuta, nikazisogeza nyuma hadi sentimita 35, shimo likapanda kuelekea 245 na kuwa jembamba. Zulia na rafu ya vitabu vikasaidia zaidi ya nilivyotegemea. Mwangwi wa makofi hauondolewi na kichujio chochote.

Juu ya hezi 300 sigusi tena. Niliwahi kunyoosha mstari wote wa grafu mpaka elfu 20 ukawa kama rula, na muziki ukawa mkavu, unachosha. Tangu 1974 Brüel & Kjær, watengenezaji wa vifaa vya kupimia sauti wa Denmark, walipendekeza mstari unaoshuka taratibu kuelekea sauti za juu, na masikio yangu yanakubaliana nao.

Je, ningenunua tena? Ndiyo, ila si kwa ajili ya vichujio. Ningenunua kwa ajili ya ramani, kwa sababu bila ile grafu ningebadilisha sabufa na ile mpya ingezama kwenye shimo lilelile. Kama huwezi kuhamisha hata kiti, usawazishaji wa amplifaya unakutosha.

Kasoro moja imebaki. Anayekaa kiti cha ukutani nyuma yangu anapata besi ya kumtoa meno, kwa sababu nimesawazisha kwa ajili ya kochi, na ukutani ndiko mawimbi yote hujaa. Wanasema dawa ni sabufa ya pili. Kwa sasa kile kiti nimekitoa.