Linux Mint kwenye laptopu ya mama: uzoefu wangu

Mama yangu ni mwalimu mstaafu, anaishi Muheza, na ni katibu wa kikoba cha akina mama wa mtaani kwao. Laptopu yake ni HP EliteBook 840 G1 ya mtumba, yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha nne. Anaitumia kwa hesabu za hisa na mikopo, kumbukumbu za vikao, barua za kupeleka kwa mtendaji, na WhatsApp. Fedha za watu zimo humo, kwa hiyo siwezi kusema ni kompyuta ya kuchezea. Nimemwekea Linux Mint, mfumo endeshi wa bure unaokaa mahali pa Windows, na kwa yote niliyoyaona tangu wakati huo ningemwekea tena.

Nieleze kwanza kwa nini sikuiacha na Windows. Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na ule mwaka wa nyongeza wa ulinzi kwa watumiaji wa nyumbani unakwisha Oktoba 2026. Windows 11 nayo inataka TPM 2.0 (sehemu ya usalama ndani ya kompyuta), na kwa upande wa Intel inakubali, ukiacha chache, prosesa za kizazi cha nane kwenda juu. Laptopu ya mama imeachwa mbali. Mafundi wanajua kupiga Windows 11 kwa kuruka masharti hayo na mashine inawaka vizuri tu, lakini Microsoft haiahidi kwamba masasisho yataendelea kufika. Kwa kompyuta yangu ningeweza kuvumilia, ya mama sikutaka kubahatisha.

Kulikuwa na jambo jingine lililoniuma zaidi. Windows iliyokuwemo ilipigwa na fundi wa mtaani, haikuwa na leseni, na ili ile programu ya kuifungua ifanye kazi alizima ulinzi wote. Flashi ya mama ilikuwa inazunguka: leo steshenari kuchapa, kesho kwa mweka hazina, keshokutwa imerudi nyumbani. Mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi hizi Tanzania anakijua kile kirusi cha flashi, unafungua unakuta mafolda yote yamegeuka njia za mkato na mafaili yenyewe hayaonekani. Mama alidhani hesabu za kikoba zimepotea. Zilikuwepo, zimefichwa tu, lakini usiku ule hakulala.

Virusi vya namna hiyo vimeandikwa kwa ajili ya Windows, kwenye Mint havijiendeshi. Ukichomeka flashi unaona kila kitu kama kilivyo, kirusi kimekaa pale kama faili la kawaida, unakifuta. Nilimwambia mama pia kwamba asipokifuta atakipeleka kwa mwenye Windows bila kujua. Sasa kila flashi ikitoka steshenari anaikagua kabla hajampa mwenzake.

Toleo nililoweka ni Mint 22 lenye muonekano wa Cinnamon. Limejengwa juu ya Ubuntu 24.04, mfumo mwingine wa Linux, na litapata masasisho hadi Aprili 2029. Menyu iko chini kushoto, saa chini kulia, madirisha yanafungwa kwa alama ile ile pembeni juu. Mama alijifunzia kompyuta shuleni enzi za Windows 7, na hiki ndicho alichokikuta. Mint inataka RAM ya GB 2 kwa uchache na inapendekeza GB 4. Nilimfikishia 8, nikatoa diski ya kuzunguka nikaweka SSD (diski ya kasi isiyozunguka), na niseme kwa haki kwamba ile SSD ndiyo iliyoleta sehemu kubwa ya wepesi anaousifia. Ukiweza kununua kitu kimoja tu kwa laptopu ya mzazi, nunua SSD, hata kama hubadilishi mfumo.

Kabla ya kufuta chochote niliiwasha Mint kutoka kwenye flashi, maana inaruhusu kuitumia hivyo bila kugusa diski. Nikajaribu Wi-Fi, sauti, kamera, na printa ya jirani. Vyote vilipokubali ndipo nikahamisha mafaili ya mama kwenye diski ya nje na kuanza kusakinisha. Hatua hii usiiruke kabisa. Printa nyingi mpya zinatambulika zenyewe, lakini zipo ambazo mtengenezaji hakuziandalia chochote kwa ajili ya Linux, na ni bora ulijue hilo ukiwa bado na pa kurudi.

WhatsApp haina programu rasmi ya Linux. Nilitumia kile kifaa cha Mint cha kugeuza tovuti kuwa programu, nikatengeneza ikoni ya WhatsApp Web ikakaa kwenye upau wa chini. Kwa mama ni WhatsApp, basi. Niliondoa ikoni zote asizozihitaji, zikabaki nne anazozitumia, na maandishi nikayakuza.

Kuhusu bando, hapa ndipo Mint ilinipendeza zaidi. Mama anapata intaneti kwa kuwasha hotspoti ya simu, na bando la wiki la mwalimu mstaafu si la kuchezewa na masasisho yanayojishusha wakati wowote. Mint hukagua, kisha inaweka alama kwenye ngao ndogo karibu na saa na kusubiri amri yako. Mama hunipigia: "Mwanangu, ile ngao imeweka alama, nibonyeze au nisubiri?" Namwambia, "Subiri mama, nikifika nitakuja na bando." Kivinjari na masasisho ya usalama siviachi vilale muda mrefu, na nikiona nitachelewa kwenda namtumia bando abonyeze mwenyewe. Kabla ya masasisho makubwa nachukua nakala ya mfumo kwa programu ya Timeshift, hivyo kitu kikiharibika naurudisha ulivyokuwa jana. Timeshift hailindi nyaraka zake lakini. Hizo zina diski yao ya nje, na mama mwenyewe ndiye anayenakili kila baada ya kikao.

Kwa msaada wa mbali nimeweka AnyDesk, programu ya kuiendesha kompyuta yake nikiwa kwangu. Nilikaa naye nikamweleza kwamba namba inayotokea pale hapewi mtu mwingine, hata akijitambulisha kuwa anatoka benki au kampuni ya simu. Matapeli wanaipenda sana njia hiyo.

Nilikuwa na wasiwasi na LibreOffice, programu za ofisi zinazokuja na Mint badala ya Word na Excel, nikijua mweka hazina wao anatumia Excel. Jedwali la hisa linafunguka kwake na kwa mama, jumla zinakuja sawa, kwa sababu fomula zao ni za kawaida. Ningekuwa na mtu anayetumia makro za Excel (amri zilizoandikwa zijiendeshe zenyewe) nisingemshauri hivi. Barua ndizo zinazoweza kusogea mistari ikiwa zimeandikwa kwa Calibri au Cambria. Fonti za Carlito na Caladea zina upana ule ule wa herufi, ukiziweka tatizo linapungua sana, na chochote kinachokwenda kuchapwa mama anakitoa kwanza kama PDF. Kilichomfurahisha ni kamusi ya tahajia ya Kiswahili. Mwalimu wa Kiswahili alikuwa anaandika barua nzima ikiwa na mistari myekundu chini ya kila neno, kana kwamba amekosea yote! Sasa mstari ukitokea anajua kweli pana kosa.

Lugha ya mfumo wenyewe ni kasoro. Tafsiri ya Kiswahili haijakamilika, unapata menyu nusu Kiswahili nusu Kiingereza, kwa hiyo nimemwachia Kiingereza ambacho anakisoma. Inanisikitisha, kwa sababu mwaka 2004 mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima kwa Kiswahili. Kazi ile ilionyesha kwamba inawezekana, na wenye uwezo wa kutafsiri bado tuna pa kuingilia.

Kasoro nyingine ni ya mazingira. Laptopu ikileta shida nisipopatikana, fundi wa karibu hajawahi kugusa Linux na jambo la kwanza atakalopendekeza ni kuifuta apige Windows. Nimebandika karatasi chini ya laptopu yenye jina la mfumo, namba yangu, na maneno "usifute bila kunipigia." Kwa hiyo ninapoulizwa mzazi awekewe mfumo gani, nauliza kwanza nani atapigiwa simu kitu kikigoma. Kama ni wewe, na Linux unaijua, Mint itakupunguzia simu nyingi. Kama wewe uko mbali, hushikiki, na hakuna mwingine, Windows yenye leseni kwenye mashine inayokubalika itamfaa zaidi, kwa kuwa msaada wake uko kila mtaa.

Ndiyo maana shemeji yangu mwenye steshenari sikumgusa. Wateja wanamletea kila aina ya faili, mashine zake za kuchapa na kuskani zina programu zake za Windows, na kosa la mistari kwa mteja anayewahi usaili ni hasara. Yeye alinunua mashine inayokubali Windows 11, na alifanya vema. Baba mkwe, mwenye intaneti ya uhakika nyumbani na asiyefanya kingine zaidi ya barua pepe, habari na YouTube, nilimwekea ChromeOS Flex, mfumo wa Google unaofanya kazi hasa kupitia kivinjari. Inategemea akaunti ya Google na haipokei programu za Android, ambazo yeye anazo kwenye simu. Kwa mama isingefaa, kwa sababu bando likiisha kazi ya kikoba haisubiri.

Mjomba naye sasa anataka kama ya mama. Yake ina RAM ya GB 2, kwa hiyo nitaanza na Mint ya Xfce, iliyo nyepesi kuliko Cinnamon, na nimeshamwambia aanze kutafuta pesa ya SSD.