Mgahawa wa ghorofani, Vuga, Zanzibar: urojo wa kawaida, lakini kaeni na Ami

Nimekwenda Jumapili tatu za Novemba. Huko wanaonyesha futiboli ya Kimarekani, ile ya kofia na mpira wa kushika mkononi. Mechi za mapema huanza saa saba mchana kwao, huku kwetu saa tatu usiku, Isha imeshasaliwa.

Urojo shilingi elfu tatu. Ndimu imezidi, na badia zimeshalowa kabla hazijafika mezani. Mishikaki mizuri. Feni ni moja, nayo inampepea mwenye duka.

Kinachonirudisha ni Ami wa kaunta, aliyefanya kazi melini miaka mingi. Mimi napiga filimbi mechi za soka za vijana Mnazi Mmoja, nikaona refa ni refa tu. Refa aliporusha kitambaa cha manjano, ishara ya kosa, nikauliza, "Ami, kumshika mtu asiye na mpira ni adhabu ya yadi ngapi?"

"Kumi, kama timu yake ina mpira. Lakini usiniulize ngapi, mwanangu. Niulize anaanza kuhesabu wapi."

Akamwaga dhumna mezani. Timu imeanzia yadi ya 20 kutoka goli lake, mkimbiaji amefika 35. Mwenzake amemshika mtu kwenye 30, nyuma ya pale mbio zilipoishia. Basi unahesabu kutoka kwenye kosa: 30 utoe 10, mnarudi 20, mmekimbia bure. Sasa geuza, mpinzani anayezuia ndiye aliyevuta wavu wa kofia ya mkimbiaji. Hapo ni yadi 15 kutoka mbio zilipoishia, 35 inakuwa 50, katikati ya uwanja. Nikamwambia anirudie mara tatu, na chai ikapoa.

Kumbe na goli likiwa karibu hesabu inapungua. Uko yadi ya 8 upande wako, ukishika mtu hukatwi 10, unakatwa nusu ya masafa hadi goli lako, unabaki kwenye 4. Na kumwingilia mpokeaji wa pasi kwenye ligi ya kulipwa, mpira unawekwa pale pale palipotendeka kosa, hata ikiwa yadi 40 mbele. Kwenye vyuo vyao haizidi 15. Mie naona vyuo wana huruma zaidi.

Kilichonishinda ni kukataa adhabu. Ni jaribio la tatu kati ya manne ya kusogeza mpira, wenye mpira hawakusogea hata hatua, na mmoja wao kashika mtu. Wapinzani wakasema hawaitaki! Nikapiga meza. Ami akacheka: wakiikubali, wale wanarudi nyuma yadi 10 lakini wanalirudia jaribio la tatu, wakiikataa, linakuja la nne, la mwisho, na mpira utapigwa mbali uwaendee wao. Sisi wa soka, faida anaipima refa mwenyewe, kwa jicho na kwa haraka, halafu anatukanwa. Wao wanaulizwa waliokosewa. Ningepewa mie ruhusa hiyo Mnazi Mmoja, ningefika nyumbani na shati zima.

Huduma ni ya pole pole, kwa sababu anayepika chai ndiye huyo huyo anayefundisha. Shikeni meza ya karibu na kaunta kabla ya saa tatu, na mkitaka dhumna ya kucheza, njooni na yenu.