Mbao za mtumba kwa kazi za mikono nyumbani: ipi uanze nayo, ipi uiache

Anayeanza kutengeneza vitu vidogo vya nyumbani, fremu ya picha, rafu ya viungo, trei ya chai, mara nyingi huvutwa na sura ya mbao kabla ya kuuliza imetoka wapi. Mbao iliyokwisha kutumika inakuja na mambo yake: ilibeba nini, ilipakwa nini, ililowa kiasi gani, imebaki na misumari mingapi ndani. Hayo ndiyo unayoyalipia. Nimezipanga kuanzia ile ambayo ningekwambia ukanunue leo hadi ile ambayo usiiguse hata ukipewa bure. Kipimo changu ni kimoja: mtu mwenye msumeno wa mkono, nyundo, msasa na kopo dogo la rangi ataweza kuimaliza kazi salama?

1. Mabaki ya karakana

Hii ndiyo namba moja, na sina wasiwasi nayo. Karibu kila fundi seremala ana rundo la vipande pembeni, na ukizunguka Keko, Dar es Salaam, au Gikomba, Nairobi, utakuta vya kila aina: msindano, mkongo, mtiki, mninga. Vimeshakauka, vingi vimepigwa randa, na misumari hakuna. Ufupi wake ndio unaomfaa anayeanza, kwa sababu fremu ya picha haihitaji mbao ya futi 12.

Vipande hivi huuzwa kwa lundo au kwa kiroba, na mara nyingi unashindana na mama lishe anayevitaka kuwa kuni, kwa hiyo wahi asubuhi na uongee na fundi mwenyewe. Muulize wiki hii anatengeneza nini. Fundi wa vitanda huacha vipande virefu vyembamba. Wa milango huacha vipana. Kila kipande kiinue usawa wa jicho, fumba jicho moja, utazame ukingo wake toka mwanzo hadi mwisho. Kilichopinda kama upinde kirudishe, maana kwa vifaa vya nyumbani hutakinyoosha.

Ukitaka kupaka rangi, chukua msindano. Mninga ukiupata usiufunike kwa rangi. Usugue, uupake vanishi, basi. Vumbi la mninga na la mvule huwasha pua na macho kwa watu wengi, hivyo vaa barakoa na usugulie nje.

2. Paleti yenye muhuri wa HT

Paleti zimejaa mitandaoni, lakini watu wananunua bila kusoma muhuri, na muhuri ndio kila kitu. Mbao za kufungia mizigo inayovuka mipaka ya nchi zinafuata kanuni ya kimataifa ya kuzuia wadudu wa mbao iitwayo ISPM 15, iliyopitishwa mwaka 2002. Tafuta ubavuni mwa paleti mchoro wa suke la ngano lenye maandishi IPPC, kisha herufi mbili za nchi ilikotengenezwa, namba ya mtengenezaji, na mwisho herufi za njia iliyotumika kuua wadudu. HT maana yake mbao imepashwa joto hadi kiini chake kikafika nyuzi joto 56 za Selsiasi kwa dakika 30 mfululizo. Hiyo nunua. MB maana yake imefukizwa kwa gesi ya methili bromaidi, ambayo ni sumu. Hiyo iache.

Muhuri wa HT unakuhakikishia habari ya wadudu tu. Haukwambii nini kilimwagika juu ya paleti kule bohari. Inusie. Ikinuka dawa ya shamba au mafuta, au ikiwa na doa jeusi lililozama, chagua nyingine. Na paleti za buluu zenye jina la CHEP ni mali ya kampuni inayozikodisha. Anayekuuzia anauza kisicho chake.

Watu wengi hukata tamaa wakati wa kubandua. Paleti nyingi zimepigwa misumari yenye mikunjo ya skrubu, na ukipiga nyundo kwa nguvu mbao inapasuka kabla msumari haujatoka. Pitisha msumeno wa kukatia chuma katikati ya ubao na gogo lililo chini yake, ukate misumari yenyewe. Vichwa vitabaki ndani ya ubao kama vidoti vyeusi, na kwenye rafu vinapendeza. Kabla ya kukata urefu, pitisha sumaku juu ya ubao wote. Msumari mmoja uliojificha unamaliza meno ya msumeno.

Kama hutaki kazi hiyo, kuna wauzaji wanaouza mbao za paleti zikiwa zimeshabanduliwa. Bei inapanda kidogo, na kwa mradi wa kwanza nasema lipa.

3. Masanduku ya matunda

Rahisi, mepesi, yanapatikana sokoni. Mbao zake ni nyembamba na hupasuka ukipiga msumari karibu na ncha, kwa hiyo usiyabomoe: sugua, paka rangi, ning'iniza ukutani kama lilivyo. Angalia ukungu kwenye pembe.

4. Milango, fremu na mbao za paa la nyumba iliyobomolewa

Hapa kuna mali nzuri na hatari mbili. Mlango wa zamani wa mvule au mkongo unaweza kukupa mbao ambazo mpya zake huwezi kuzilipia. Lakini rangi za mafuta za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo huharibu ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Kiwango cha juu kinachopendekezwa sasa na Shirika la Afya Duniani ni sehemu 90 kwa milioni. Rangi ya miaka hiyo inaweza kuzidi hapo kwa mbali. Rangi kuukuu yenye tabaka nyingi usiipige msasa mkavu. Ilowanishe, ikwangue, kusanya maganda yote kwenye gazeti, na watoto wasiwepo. Kwenye nyumba yenye mtoto anayetambaa, aina hii iruke kabisa.

Hatari ya pili ni mbao za dawa. Mbao nyingi za paa, zile "mbili kwa nne" zenye rangi ya kijani kibichi iliyofifia, zimelowekwa kwenye dawa yenye shaba, kromiamu na aseniki ili mchwa wasizile. Hazifai kwa trei, kwa ubao wa kukatia mboga wala kwa kifaa cha kuchezea mtoto. Na mabaki yake yasiingie jikoni kuwa kuni, kwa sababu aseniki inabaki kwenye moshi na kwenye majivu.

5. Mbao za mashua

Ukiwa Unguja au Lamu utaziona: zina matundu yenye kutu, mistari ya kalafati (pamba iliyozibia viungo), na rangi za bahari zilizochujuka. Nazipenda kuliko zote kwenye orodha hii, na bado nimeziweka nafasi ya tano. Ni ngumu kwa msumeno wa mkono. Chumvi iliyo ndani huvuta unyevu, kwa hiyo mbao huvimba masika na kusinyaa kiangazi. Tena mashua nyingi hupakwa sifa, mafuta ya papa, na pale yalipozama rangi haishiki. Nunua kipande kimoja, kioshe kwa maji yasiyo ya chumvi, kikaushe kivulini wiki kadhaa, ukitumie bila rangi. Mradi mkubwa usubiri mkono uzoee.

6. Mbao za zege na MDF iliyolowa

Acha. Mbao zilizofungia zege hupakwa oili chafu ili zisigande, na oili hiyo haitoki. Punje za saruji zilizobaki zitakula msumeno. MDF, yaani ubao wa unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, ikishavimba kwa maji haina dawa.

Rangi

Mbao ikiwa ya bei ndogo, pesa iliyobaki ipeleke kwenye msasa na rangi. Nunua msasa namba 80, 120 na 220, utumie kwa mpangilio huo ukifuata nyuzi za mbao. Kwa rangi, anza na ya maji: haihitaji tina, inakauka upesi, na brashi unaosha bombani. Lita moja inatosha vitu vingi vidogo, na baadhi ya maduka ya rangi yatakupimia hata chini ya hapo ukienda na kopo lako. Tabaka mbili nyembamba hushinda moja nzito. Kwenye msindano, mafundo ya mbao hutoa utomvu unaopenya rangi nyeupe na kuacha duara la njano, hivyo yapake sila (ya kuziba utomvu) kwanza au uchague rangi iliyokolea.

Karatasi

Kubandika karatasi juu ya mbao ndiyo njia ya haraka ya kuficha mbao yenye sura mbaya. Gazeti hugeuka njano baada ya muda. Kurasa za kalenda za zamani na karatasi za zawadi zinadumu zaidi. Ukitaka picha ya familia kwenye trei, usitumie printa ya wino wa maji, kwa sababu gundi ikigusa wino unachuja. Nenda steshenari watoe kwa mashine ya wino wa unga (leza). Changanya gundi nyeupe ya mbao vijiko vitatu na maji kijiko kimoja, paka kwenye mbao, laza karatasi, kisha isukume kwa kadi ya simu toka katikati kwenda pembeni ili hewa itoke. Paka gundi hiyohiyo juu, isubiri ikauke kabisa, ndipo ufuate vanishi ya maji tabaka tatu. Vanishi ya mafuta huifanya karatasi nyeupe kuwa na rangi ya chai. Trei ya namna hii ipe wiki nzima kabla ya kuibebea vikombe vya moto, na ukiisafisha ipanguse kwa kitambaa, usiizamishe kwenye beseni.