Jedwali liligeuza Aprili kuwa Julai, nikapoteza domeni yangu

Nimepoteza domeni, yaani anwani ya mtandaoni, niliyoipenda kuliko zote, na iliyoniponza ni lahajedwali, ile programu ya kupanga taarifa kwenye safu na visanduku. Najua wapo watakaosema kosa ni langu. Subirini kwanza.

Nina domeni sitini na kitu kwa wasajili watatu tofauti, yaani kampuni zinazosajili domeni kwa ada. Kwa miaka nimeziweka kwenye jedwali moja: jina, msajili, siku ya kuisha, kama inajilipia yenyewe, na safu ya maelezo. Kila aliyeniuliza nilimwambia hahitaji kingine.

Muda fulani uliopita nikachoka kunakili tarehe kwa mkono. Nikapakua orodha kutoka kwa msajili mmoja, faili la CSV (maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato), nikalifungua kwenye lahajedwali. Msajili huyo huandika mwezi kwanza, kisha siku. Programu yangu husoma siku kwanza. Haikuuliza, haikuonya. 04/07, yaani tarehe 7 Aprili, ikawa 4 Julai, ikakaa kwenye kisanduku chake kama tarehe halali kabisa. Zile za aina ya 04/25 ziliishinda, maana hakuna mwezi wa ishirini na tano, basi ikaziacha kuwa maandishi matupu. Safu moja, sehemu yake uongo, sehemu nyingine si tarehe kabisa! Nilipoipanga, maandishi yote yakashuka chini nami nikadhani hizo ni za mbali. Hakuna rangi nyekundu, hakuna alama, hakuna neno hata moja. Programu inayopigia mstari neno nililokosea herufi moja inashindwaje kuniambia kwamba imekisia tarehe?

Domeni yenyewe, ya .com, haikuwa na tovuti. Niliihifadhi tu, kwa hiyo hakuna kilichozimika cha kunishtua. Kujilipia nilikuwa nimekuzima. Kanuni za ICANN, shirika linalosimamia majina ya domeni duniani, zinamtaka msajili akukumbushe kama mwezi mmoja kabla, tena kama wiki moja kabla, na mara nyingine ndani ya siku 5 baada ya kuisha. Alikumbusha, lakini kwenye barua pepe ya zamani nisiyoifungua. Hilo nalibeba mimi.

Sasa hesabu ndiyo inayoniuma. Msajili huyu huacha siku 45 za kulipia baada ya kuisha. Zinafuata siku 30 za kuikomboa kwa ada ya ziada, halafu siku 5 ambazo huwezi kufanya lolote, kisha inafutwa na yeyote anaweza kuichukua. Jumla siku 80. Ukianzia 7 Aprili unafika 26 Juni. Mimi nilifungua jedwali siku chache tu kabla ya 4 Julai ili nilipie mapema. Mapema! Ilikuwa imekwisha sajiliwa na mtu mwingine.

Wala ugonjwa huu si mpya. Mwaka 2020 kamati ya majina ya jeni za binadamu ilitangaza kwamba MARCH1 itaitwa MARCHF1 na SEPT1 itaitwa SEPTIN1, kwa kuwa lahajedwali zilikuwa zikiyageuza majina hayo kuwa tarehe. Wanasayansi wamebadilisha majina ya jeni kwa ajili ya programu ya mahesabu. Nani anaona hilo ni sawa?

Nilianza kuandika nikitaka kuwaambia mlitupe jedwali. Siwezi. Nilijaribu huduma mbili maalumu za kusimamia domeni. Moja ilitaka nywila za akaunti zangu zote kwa wasajili, na hizo simpi mtu. Nyingine haikuwa na safu ya maelezo, na humo ndimo ninamoandika kwa nini nilinunua kila jina. Nimerudi kwenye jedwali langu. Sasa naandika mwaka, mwezi, siku, kwa mpangilio huo, na safu nzima nimeiamuru iwe maandishi. Hata hivyo hujipanga sawasawa. Nikipokea faili la mtu natazama visanduku kabla ya kuvigusa: kilichoegemea kushoto ni maandishi, kilichoegemea kulia programu imekiona kuwa tarehe au namba. Safu iliyochanganya pande mbili siiamini tena. Kwa kazi hii, sijaona chombo kinachoshinda. Nyota tatu, labda nne.

Halafu jana nimeifungua ile domeni kwenye kivinjari. Ina ukurasa mmoja mweupe, lile jina lililokuwa langu limeandikwa katikati, na chini yake: inauzwa.

Nyota moja.